Kununua pikipiki mpya Dodoma: inatosha ilivyo au uiongezee vitu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu aliyeshika pesa mkononi na bado hajalipa: dereva wa bodaboda, mwalimu aliyepangiwa kijijini, mkulima wa zabibu wa Hombolo, au mzazi anayetaka kumnunulia kijana wake chombo cha kazi. Pikipiki zinazozungumziwa ni zile za kawaida za madukani Dodoma, za injini ya CC 100 hadi 150. Ukikuta namba ya swali kwenye mabano, maelezo kamili yako kwenye swali hilo.

## Kabla hujafika dukani

1. Pikipiki ni mpya kabisa. Kwa nini nianze kuwaza kubadilisha vitu?

Kwa sababu aliyeitengeneza hajui njia yako. Boxer za Bajaj na HLX za TVS zinatoka India na zinauzwa nchi nyingi kwa umbo lilelile. Kiwandani hawajui kama utashinda kwenye lami kati ya stesheni ya SGR na Majengo, au kila asubuhi utavuka korongo la mchanga huko Chamwino ukiwa na ndoo za zabibu nyuma. Tairi inayokuja nayo mara nyingi ni ya lami. Shokapu za nyuma zimepimwa kwa dereva na abiria mmoja. Hiyo haina maana kwamba pikipiki ni mbovu.

Lakini wapo pia wanaobadilisha vitu ambavyo havikuhitaji kuguswa. Anayezunguka Area C, Kisasa, Nzuguni na Mtumba anapita lami karibu siku nzima. Huyo akifunga bampa (chuma cha kukinga miguu) na kumwaga oili kwa wakati, pikipiki inamtosha kama ilivyotoka dukani, na pesa iliyobaki ajiwekee akiba ya tairi zijazo.

2. Nitajuaje kama yangu itahitaji kuongezewa?

Andika safari zako za wiki moja ya kawaida. Usiandike ile safari ya kwenda Kondoa mara moja kwa mwaka, andika unakopita kila siku. Kwa kila safari jiulize mambo manne: barabara ni ya nini, unabeba nini, kuna vilima vikali, na mvua zikianza inakuwaje.

Swali la mvua ndilo linalosahaulika zaidi, kwa kuwa watu wengi hununua kiangazi baada ya mavuno. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, lakini karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili, na hushuka kwa nguvu. Njia iliyokuwa ngumu kama sakafu mwezi wa nane inakuwa tope la kunata mwezi wa kwanza. Ukiishi upande wa Bahi, kwenye mbuga na mashamba ya mpunga, hilo ndilo liamue ununue nini (swali la 19).

3. CC 100, 125 au 150?

Kwa mtu mmoja anayekwenda kazini mjini, 100 inatosha na inakula mafuta kidogo. Kwa bodaboda ya abiria mjini na vijiji vya karibu, 125 ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Kwa mizigo ya kila siku, vilima vya Kondoa au Mpwapwa, au safari ndefu za barabara kuu, nenda 150 moja kwa moja.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Kwa hiyo CC 100 ambayo ndugu yako anaisifia akiwa Dar es Salaam haitavuta vilevile hapa, hasa ukipakia. Kama umebaki njia panda kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Injini ndogo haiongezeki kwa nyongeza yoyote ya maana (swali la 15).

4. Boxer, TVS, Honda au za Kichina?

Anza na spea, jina la kwenye tangi lifuate. Nenda kijiji au mtaa utakaofanyia kazi, uulize duka la spea la karibu: waya wa klachi, plagi, breki shu, cheni na sproketi (magurudumu yenye meno yanayozungushwa na cheni), chujio la hewa. Kama vipo bila kuagiza mjini, aina hiyo inafaa kufikiriwa. Kwa sehemu kubwa ya Dodoma, Boxer na TVS zinashinda hapo kwa sababu zimejaa kila kijiwe na kila fundi amezishika.

Za Kichina zipo nzuri na zipo za kukupotezea muda, na bei yake ya chini inashawishi. Kagua zaidi spoku, uchomeleaji wa fremu na ubora wa nyaya za umeme. Honda zinadumu. Ukiweza bei yake na spea ukawa umezihakikisha, hakuna atakayekulaumu.

5. Ninunue ya bei nafuu niiboreshe, au nilipe zaidi nipate iliyo tayari?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na jibu linapatikana kwa kugawa vitu mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyobadilishika kwa pesa ndogo na fundi wa kawaida: tairi, tyubu, shokapu za nyuma, sproketi, taa, kiti, keria, bampa. Fungu la pili ni vitu ambavyo ukishanunua umenunua: ukubwa wa injini, uimara wa fremu, aina ya breki, idadi ya giya, na upatikanaji wa spea. Kama pikipiki ya bei nafuu inapungukiwa na vitu vya fungu la kwanza tu, inunue na uiongezee. Kama inapungukiwa hata na kimoja cha fungu la pili ambacho kazi yako inakihitaji, iache.

Halafu piga hesabu. Chukua mfano, bei zake ni za kuelezea tu: pikipiki moja ni shilingi 2,600,000 na nyingine 3,000,000. Tofauti ni 400,000. Ile ya bei ndogo inataka tairi mbili, shokapu na sproketi, ambavyo pamoja na ufundi vinafika 300,000. Machoni umeokoa 100,000. Ila hujaweka siku ambazo itakaa gereji, wala kwamba ukija kuiuza hakuna mnunuzi atakayekurudishia thamani ya shokapu zako. Ninavyoona mimi, nyongeza zikivuka nusu ya tofauti ya bei, chukua ile ya bei kubwa. Zikiwa chini ya nusu, chukua ya bei ndogo kwa amani.

Ujumlishe pia vitu ambavyo utavilipia kwa pikipiki yoyote ile: usajili, bima, kofia ngumu mbili, na mafuta ya wiki ya kwanza. Watu wanaishiwa pesa wakiwa wameshika funguo, pikipiki inalala ndani mwezi mzima ikisubiri bima.

## Dukani

6. Nikague nini kabla ya kulipa?

Usiridhike na iliyopangwa mbele. Nyingi zinafika zikiwa kwenye makreti na kuunganishwa hapahapa, na ufungaji wa haraka ndio chanzo cha matatizo ya wiki ya kwanza. Kagua ile hasa utakayoondoka nayo.

Inama kwenye cheni. Ishike katikati, upande wa chini, uisukume juu na chini. Ichezecheze kwa milimita 20 hadi 30 hivi, kulingana na kitabu chake. Iliyokaza kama kamba ya gitaa itakula beringi, iliyolegea itaruka. Inua tairi la nyuma kwa stendi kubwa, lizungushe taratibu na uendelee kuisikia cheni kwa kidole: ikikaza upande mmoja na kulegea mwingine, mwambie muuzaji airekebishe wewe ukiwepo, au akupe nyingine.

Piga spoku moja moja kwa spana ndogo. Sauti zikaribiane. Inayotoa mlio mzito imelegea. Bonyeza breki zote mbili, washa taa zote, jaribu kiki hata kama ina staata ya umeme. Angalia oili kwa kijiti au kidirisha chake, maana zipo zinazotoka na oili pungufu. Mwisho, linganisha namba ya chasisi na ya injini zilizogongwa kwenye chuma na zilizoandikwa kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

7. Nitoke na karatasi gani?

Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye jina lako na bei halisi uliyolipa, karatasi za usajili wa TRA kwa jina lako, kitabu cha mwongozo, kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri, na bima. Usajili unataka TIN, kwa hiyo kama huna, ianze mapema. Sema tangu mwanzo kama ni ya biashara au ya binafsi, kwa sababu usajili wake si mmoja. Ya abiria inahitaji pia kibali cha usafirishaji chini ya taratibu za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na dereva awe na leseni yenye daraja la pikipiki.

Usikubali maneno ya "kadi utaifuata". Pikipiki isiyo na kadi ya usajili mkononi haina bima ya uhakika na haiuziki.

8. Muuzaji ananipa bampa, keria na kofia bure. Nichukue?

Chukua, lakini angalia unachopewa. Bampa jembamba linakunjika kwenye mwanguko wa kwanza na kubana mguu. Kofia nyepesi kama bakuli la plastiki haikulindi. Tafuta yenye alama ya TBS, sponji nene ndani na mkanda unaofunga vizuri. Kama unaweza kuomba punguzo la bei badala ya zawadi hizo, omba punguzo.

## Nyongeza zenyewe

9. Kama nina pesa ya kitu kimoja tu, kiwe nini?

Tairi na tyubu, kwa anayetoka nje ya lami. Hakuna nyongeza nyingine inayobadilisha uendeshaji kiasi hicho kwa pesa hiyo. Tairi ya nyuma yenye meno makubwa inashika mchanga na kokoto, nawe huhitaji kuvuta mafuta ovyo ili upande. Ya mbele iwe na meno ya wastani. Meno makubwa sana mbele yanatetemesha usukani kwenye lami na kurefusha umbali wa kusimama.

Dodoma ina adui mwingine, miiba. Mbigili imetapakaa pembezoni mwa njia za miguu na za ng'ombe, na miiba ya migunga inapita tairi jembamba kama sindano. Nunua tyubu nene zenye ubora, ubebe moja ya akiba pamoja na spana za kufungulia tairi na pampu ndogo. Ukipata pancha Manchali saa kumi na mbili jioni, vifaa hivyo vitakufaa kuliko taa za rangi.

Upepo nao unahesabika. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 nyuma ukipakia. Thibitisha kwenye kibandiko au kitabu. Mafundi wa pancha wengi wanajaza mpaka tairi liwe jiwe. Tairi la hivyo linadunda kwenye makorogesheni, linateleza kwenye mchanga na kuvunja spoku.

10. Shokapu za nyuma zinagonga nikipakia. Ninunue nyingine?

Subiri kwanza. Shokapu nyingi za pikipiki hizi zina pete ya ngazi chini ya springi. Kwenye mfuko wa vifaa ulioupata dukani kuna kifaa kama ndoano cha kuizungushia. Ukiizungusha kupanda ngazi, springi inakaza. Weka pande zote mbili ngazi ileile. Ni kazi ya dakika tano isiyo na gharama, na wengi wanauza shokapu nzima kabisa bila kuwahi kuigusa pete hiyo.

Kama umefika ngazi ya mwisho na bado zinagonga, jiulize kuhusu mzigo kabla ya shokapu (swali la 20). Ukithibitisha mzigo ni halali, nunua jozi yenye springi nene na urefu uleule wa zile za kiwandani. Ndefu zaidi zinainua nyuma, pikipiki inakuwa nyepesi mbele na cheni inakaa vibaya.

11. Nibadilishe sproketi ili ivute zaidi?

Hii ni nyongeza nzuri kwa anayepanda vilima au kutembea kwenye mchanga kila siku, na ni ya bei ndogo. Ukitoa sproketi ya mbele ya meno 14 na kufunga ya 13, nguvu ya kuvuta kwenye tairi inaongezeka kwa karibu asilimia 8, na spidi katika mzunguko uleule wa injini inapungua kwa asilimia 7 hivi. Utaona unapanda kwa giya ya pili palipokuwa pakihitaji ya kwanza.

Ubaya wake unauonja barabara kuu. Ukienda Kibaigwa au Mtera, injini inazunguka zaidi kwa spidi ileile, inapiga kelele zaidi na kula mafuta zaidi. Anayeshinda kwenye lami asiguse. Ukibadilisha, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu meno yaliyolika yanaharibu cheni mpya ndani ya muda mfupi. Kwenye pikipiki mpya sina sababu ya kuharakisha: subiri seti ya kwanza iishe, uamue meno mangapi wakati unanunua ya pili.

12. Vumbi la huku litaiua injini? Nifunge chujio la hewa la aina nyingine?

Vumbi linaua injini kweli, ila dawa yake ni usafi wa chujio lililopo. Machujio ya wazi yanayouzwa kwa ajili ya "kupumua vizuri" yaache kabisa kwa Dodoma. Yanapitisha hewa nyingi na mchanga pamoja nayo.

Kama chujio ni la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kivulini, lipake oili kidogo na ulikamue. Kama ni la karatasi, usilioshe wala usilitie petroli. Ligonge taratibu, lipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ulibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwani kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya njia ya nyuma ya malori ya kokoto.

Kuna kipimo kimoja nisichokiacha. Ukitoa chujio, futa kwa kidole ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta. Kidole kikitoka safi, uko salama. Kikitoka na unga mwekundu, vumbi linapita pembeni ya chujio: boksi halikufungwa sawasawa, mpira umepasuka, au chujio ni feki na halikai kwenye nafasi yake. Tengeneza siku hiyohiyo. Unga huo unasaga pistoni na ringi zake, na pikipiki ya mwaka mmoja inaanza kutoa moshi wa bluu.

13. Oili ipi, na ya gari inafaa?

Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa mfano 20W-50 au 10W-30. Oili ya gari usiweke. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayoifanya klachi iteleze. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hii. Nunua duka unaloliamini, kagua kizibo. Hii ndiyo "nyongeza" bora kwa pikipiki mpya, na inachukua takriban lita moja tu.

14. Niongeze taa na redio?

Taa moja nzuri ya LED ina maana kwa anayetoka kijijini alfajiri, pale ambapo ng'ombe na punda wanavuka bila taarifa. Ifungwe na swichi na fyuzi yake, na nyaya zisipite karibu na ekzosi. Redio kubwa na mistari ya taa za rangi ni jambo jingine. Mfumo wa kuzalisha umeme wa pikipiki hizi ni mdogo; ukiuzidishia, betri haijai, asubuhi staata inalia bila kuwasha. Nyaya zilizokatwa na kuungwa kienyeji pia ni sababu mojawapo ya kunyimwa dhamana (swali la 17).

15. Fundi anasema akitoboa ekzosi na kupanua kabureta itakimbia.

Itapiga kelele. Injini, kabureta na ekzosi vimepimwa vifanye kazi pamoja; ukifungua kimoja bila vipimo unaharibu mchanganyiko wa hewa na mafuta. Unaongeza ulaji wa petroli, joto la injini, na nafasi ya kusimamishwa na trafiki. Majirani wenye watoto wachanga nao wana haki ya kulala. Kama unahitaji nguvu zaidi, rudi swali la 3 kabla hujalipa.

## Muda, dhamana na mafundi

16. Nibadilishe vitu siku ya kwanza au nisubiri?

Siku ya kwanza funga vya usalama tu: bampa, kioo kama hakikuja, na tairi kama unaondoka nayo moja kwa moja kwenda kijijini. Mengine yote yasubiri huduma ya kwanza, ambayo kwa kawaida hufanyika kati ya kilomita 500 na 1,000.

Kipindi hicho injini inazoea. Usiipakie mzigo mzito, usiikimbize kwa mafuta ya mwisho, na usitembee mwendo mmoja kwa saa nzima. Oili ya kwanza itatoka na vichembe vya chuma, na ndiyo maana kuimwaga kwa wakati hakuna mjadala. Faida ya pili ya kusubiri ni kwamba utakuwa umeijua. Mengi uliyodhani utayabadilisha utakuta hayakusumbui, na moja usilolitegemea litakuwa linakukera kila siku.

17. Dhamana itapotea nikibadilisha?

Inategemea unagusa nini na masharti ya kadi yako, kwa hiyo isome kabla ya kuondoka dukani. Kwa kawaida dhamana inafungwa na kufanya huduma za mwanzo kwa wakala na kugongewa muhuri. Kubadilisha tairi au keria hakuleti ugomvi. Kukata nyaya, kufungua injini, kugusa kabureta au ekzosi ndiko kunampa wakala sababu ya kukataa. Vitu ulivyovitoa vitunze ndani vikiwa safi. Utavihitaji ukidai dhamana na ukitaka kuuza.

18. Fundi wa kijiweni anaweza kuifanya kazi hii?

Wengi wanaweza, na wapo waliosoma VETA wenye mikono safi. Mpime kwa vitu vidogo: anatumia spana ya saizi sahihi au anabana kwa plaizi? Anaweka nati chini kwenye vumbi au kwenye chombo? Spea nunua mwenyewe, na kaa pale mpaka amalize.

## Hali za pekee

19. Nakaa kwenye mbuga nyeusi. Nifanye nini na tope la masika?

Tope la mbuga linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakwama kabisa. Tairi za meno peke yake hazisaidii kama nafasi ya madigadi ni finyu, na zinaweza kuzidisha tatizo. Dukani pitisha vidole kati ya tairi na madigadi ya mbele: vidole viwili vikipita kwa taabu, pikipiki hiyo si ya Bahi mwezi wa pili. Tafuta modeli yenye madigadi ya juu, au uulize kama inayoinuliwa ipo kwa modeli hiyo. Usiendeshe bila madigadi. Tope litaruka usoni na kwenye injini.

Korongo likijaa maji, simama. Maji yakifika usawa wa chujio la hewa yataingia kwenye injini, na kabla ya hapo mkondo unaweza kukuangusha. Subiri yapungue, hata kama ni saa mbili.

20. Nitabeba magunia. Nyongeza gani inatosha?

Soma kitabu, sehemu ya uzito wa juu. Kwa pikipiki hizi mara nyingi ni kilo 130 hadi 150, dereva akiwemo. Gunia moja la mahindi ni kilo 100 na wewe ni kilo 65: tayari umevuka. Shokapu nene zitazuia kugonga, lakini fremu, ringi za magurudumu, beringi na breki vimebaki vilevile, na breki ndizo zitakazokuangusha ukishuka mteremko. Mtu mwenye kazi ya magunia ya kila siku anunue guta la injini la matairi matatu, au wawili wachangie.

21. Nanunua nimpe kijana kwa mkataba, alete pesa kila siku mpaka iwe yake. Nyongeza alipie nani?

Mwenye chombo alipie vinavyolinda uhai na injini kabla ya kukabidhi: kofia mbili, bampa, tairi zinazolingana na njia, huduma ya kwanza. Dereva alipie vinavyolika kwa kazi: oili, breki, pancha. Cheni na tairi za baadaye mkubaliane kwa maandishi, na muandike pia kwamba hakuna kukata nyaya wala kugusa injini bila idhini.

Nasisitiza hili kwa wenye vyombo. Hesabu ya kila siku ikiwa kubwa mno, kijana ataahirisha oili ili akufikishie pesa, na mkataba ukiisha atakabidhiwa injini iliyokufa baada ya jasho la mwaka mzima. Ruhusu siku ya gereji kila mwezi isiyo na hesabu, uiandike kwenye mkataba.

22. Vipi za kupanda milima zilizotumika, kama Yamaha DT au Honda XL?

Kwa njia mbaya sana zina shokapu ndefu na nafasi kubwa chini ya injini, ndiyo maana zilipendwa na miradi na ofisi za serikali vijijini. Zimeshaboreshwa tangu kiwandani. Ila spea zake ni ghali na hazipo kila duka, na nyingi zimechoka. Anunue mwenye fundi anayezijua na akiba ya spea. Kwa bodaboda, hapana.

23. Na za umeme?

Kwa mzunguko wa mjini zinaanza kuleta maana: hazina oili ya injini, chujio la hewa wala plagi. Jiulize utachaji wapi, umbali wako wa siku nzima ukiwa na abiria, na betri mpya ni shilingi ngapi. Bei ya betri uipate kwa maandishi kabla ya kulipa. Kwa anayelala kijiji kisicho na umeme wa uhakika, bado asubiri.

24. Mimi ni mfupi, miguu haifiki chini.

Usikate shokapu. Fundi wa viti anaweza kupunguza sponji sentimita kadhaa na kuchonga kiti kiwe chembamba mbele. Jaribu kukaa kwenye modeli kadhaa dukani kabla ya yote. Urefu wa kiti unatofautiana.

25. Nimeshanunua na naona hainifai. Niiboreshe au niiuze?

Rudi kwenye mafungu mawili ya swali la 5. Ikiwa kinachokukera ni tairi, shokapu, kiti au sproketi, boresha. Ikiwa ni injini ndogo au breki zisizotosha mzigo wako, iuze mapema, kwa sababu bei inashuka zaidi kadiri kilomita zinavyopanda. Rudisha vitu vyake vya kiwandani, uza nyongeza zako pembeni, muoneshe mnunuzi kitabu cha huduma chenye mihuri, na mkamilishe uhamisho wa umiliki TRA siku ya kukabidhiana. Kadi ikibaki na jina lako, akisababisha ajali watakutafuta wewe.